Eurostile, Russo One, Orbitron, Michroma au Rubik: fonti ipi ibebe bango lako?

Andika neno BARABARA kwa Orbitron, herufi kubwa tupu, unene wa mwisho kabisa. Lichapishe kwenye karatasi ya A4, libandike ukutani, kisha rudi nyuma hatua ishirini. Herufi ni nane, lakini kutoka hapo unaona visanduku vinane vya kimo kimoja. A ya Orbitron haina ncha. Juu imekatwa bapa, pembe zake zimekunjwa, na imesimama kama fremu ya mlango, kwa hiyo ikikaa kati ya B na R inakuwa ndugu yao wa tumbo moja. Sasa andika neno lilelile kwa Russo One, urudi hatua zilezile. A imetanua miguu, B imejifunga, R imetoa mguu wake, na neno unalisoma bila kulitafuta.

Jaribio hilo ndilo lililonisukuma kuandika ulinganisho huu. Maelezo mengi ya fonti hizi za mraba wenye pembe laini yameandikwa na watu wanaozijaribu kwa maneno ya Kiingereza, na Kiingereza hakirudii A kama sisi tunavyoirudia. Kwetu karibu kila silabi inaishia na irabu, na A ndiyo inayoongoza. Maneno yetu ni marefu pia, maana kitenzi kimoja kinabeba mtendaji, wakati na mtendwa kwa pamoja. Fonti inayochanganya A na R, au D na O, inamchosha msomaji wa Kiswahili mara nyingi zaidi kuliko inavyomchosha msomaji wa lugha iliyofikiriwa wakati wa kuichora. Ndiyo maana nitazipima hizi tano kwa maneno yetu: BARABARA kwa ajili ya A, DODOMA kwa ajili ya D na O, MOROGORO kwa ajili ya G na O, MWANAKWEREKWE kwa ajili ya mistari ya mshazari na urefu, na NG'OMBE kwa ajili ya ile alama ndogo ambayo wengi huisahau.

Umbo lenyewe limetoka wapi

Chukua mraba, ulainishe pembe zake nne hadi ufanane na kipande cha sabuni kilichotumika siku mbili. Hiyo ndiyo O ya kundi hili. Herufi hazina vikia mwishoni, mistari yake ni ya unene unaokaribia kulingana, na kila mahali ambapo fonti ya kawaida ingechora duara, hapa unakuta mraba wenye pembe laini.

Chanzo chake kinachojulikana zaidi ni Turin, Italia, katika kiwanda cha herufi za chapa cha Nebiolo. Mwaka 1952 Alessandro Butti na Aldo Novarese walitoa Microgramma, yenye herufi kubwa peke yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, Novarese akaikamilisha kwa kuipa herufi ndogo na unene mbalimbali, ikaitwa Eurostile. Kabla yao Marekani ilikuwa na Bank Gothic ya Morris Fuller Benton, ya mwaka 1930, nayo ni ya herufi kubwa tu na yenye sura ya mraba. Lakini pembe za Bank Gothic ni kali zaidi, na haina ule mvimbo wa Kiitaliano.

Huo mvimbo ndio wa kuangalia. O ya Eurostile haikukunjwa pembe tu. Hata pande zake zimebinuka kidogo kwenda nje, sawasawa na kioo cha TV ya chogo. Ni umbo lililokuwa hewani miaka hiyo. Mwaka 1959 Piet Hein, mshairi na mwanahisabati wa Denmark, alipendekeza umbo la jamii hiyohiyo kwa uwanja wa Sergels torg mjini Stockholm, akitafuta kitu kilicho katikati ya mstatili na duaradufu. Televisheni, redio, dashibodi za magari na madirisha ya ndege vilikuwa na sura hiyo, na filamu za safari za anga zikaiandika kwenye mitambo yake. Ndiyo maana hadi leo mtu akiona herufi hizi anafikiria mashine, mwendo kasi na kesho. Ukiwa na gereji, duka la simu, kampuni ya ulinzi, timu ya mpira au mafunzo ya kompyuta, fonti inakusemea kabla neno halijasomwa. Ukiwa na duka la maua au hoteli ya ufukweni, nakuomba utafute kundi lingine kabisa.

Eurostile Bold Extended: mama yao, na gharama ya upana wake

Nianze na yenye asili. Bold Extended ni ile nene na pana ya Eurostile, na mpaka leo sijaona fonti ya kundi hili iliyochorwa kwa uangalifu kuipita. A yake ina mishazari ya kweli. K na W zimekaa imara bila kuonekana zimekopwa kutoka fonti nyingine, jambo ambalo ni gumu, kwa sababu mshazari ni mgeni katika familia ya miraba. MWANAKWEREKWE, yenye W tatu, K mbili na A mbili, inabaki na mstari mmoja wa unene kutoka mwanzo hadi mwisho.

Inapoyumba ni kwenye MOROGORO. Midomo ya C na G imejikunja na kukaribiana, hivyo kwa mbali G inajifunga na kugeuka O. Ukiiachia herufi hizo nafasi kidogo kuliko programu inavyokupa, zinapona.

Tatizo kubwa zaidi ni upana, na hapa tuhesabu. Tuseme una bango la mita 3 na neno MATENGENEZO, herufi 11. Sentimita 300 ukigawa kwa 11, kila herufi inapata sentimita 27 hivi pamoja na nafasi yake. Kwa fonti pana, ambayo herufi na nafasi yake huchukua kama mara moja na robo ya kimo, kimo kitaishia sentimita 22. Kwa fonti ya upana wa kawaida, inayochukua kama nane ya kumi ya kimo, unafika sentimita 34. Mafundi wa mabango wana kanuni ya kukadiria kwamba kila sentimita 2.5 za kimo husomeka vizuri kutoka mita 3. Kwa hiyo bango lilelile, neno lilelile, ubao uleule: fonti pana inasomeka vizuri mpaka mita 26 hivi, ya kawaida mpaka mita 40. Kwa dereva wa bodaboda anayepita, tofauti hiyo ndiyo ya kukuona au kukupita.

Ndiyo maana Bold Extended naiwekea jina fupi tu: herufi nne, tano, saba zikizidi. Jina kama IMARA linakaa juu yake kama lilichongwa. Jina kama WAUZAJI WA VIPURI linageuka kamba.

Kuhusu kuipata: Eurostile inauzwa, unene mmoja mmoja au kwa seti, na leseni ya kuchapisha ni tofauti na ya kuweka kwenye tovuti. Nakala nyingi zinazozunguka kwenye flash za madukani hazina leseni, na baadhi zimeharibika; utakuta nafasi kati ya herufi hazieleweki, au alama fulani hazimo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba matoleo mengi ya CorelDRAW yanakuja na fonti iitwayo Square721 BT. Hiyo ni Eurostile kwa jina lingine, iliyotolewa na Bitstream, kampuni iliyokuwa na mazoea ya kuzipa fonti za namna hii majina mapya yenye namba. Ipo nene na pana pia. Ukiwa na CorelDRAW uliyoinunua, huenda mama wa familia amekaa kwenye orodha yako muda wote huu, chini kabisa kwenye S. Bank Gothic nayo mara nyingi imo humohumo.

Russo One: ndiyo ninayoianzia

Hii ilichorwa na Jovanny Lemonad, na jina lake lina maana ya Mrusi. Kazi yake ya kwanza ni herufi za Kikirili pamoja na zetu za Kilatini. Ni ya bure, ina unene mmoja tu, na unene huo ni mkubwa. Ilitengenezwa kwa vichwa vya habari na nembo, na inajijua. Haijaribu kuwa kitu kingine.

Ninachokipenda ni kwamba haikuupenda mraba kuliko msomaji. O yake ni mraba laini, lakini A ni A, yenye kichwa bapa na miguu iliyotanuka. R ina mguu. Nimeiweka BARABARA kwenye ubao wa mbao, kwenye fleksi na kwenye stika ya kioo cha nyuma cha gari, na mara zote ilisomeka. DODOMA inahitaji uangalifu kidogo, kama fonti zote za kundi hili, kwa kuwa D ya mraba inatofautiana na O kwa pembe mbili za kushoto tu. Kwenye Russo pembe hizo zimebaki kali kiasi cha kutosha. Ukipunguza ukubwa hadi herufi za kadi ya biashara, hapo ndipo D na O zinaanza kusalimiana.

Upana wake ni wa wastani. Haili nafasi kama Eurostile pana, wala haijabanwa kama fonti za magazeti. Kwa maneno yetu marefu huo ndio upana unaofaa. Herufi ndogo zake ni ndefu kwa mwili, yaani a, e na o zimepanda karibu na kimo cha herufi kubwa, kwa hiyo hata ukiandika "Tunatengeneza simu na kompyuta" kwa herufi ndogo mstari haupwayi. Na ningependa watu wafanye hivyo mara nyingi zaidi. Neno refu lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu katika fonti ya miraba linakuwa ukuta. Kwa herufi ndogo, k na b zinapanda, g na p zinashuka, na jicho linapata mahali pa kushika.

Udhaifu wake uko wazi: unene mmoja. Huwezi kuitumia kwa jina, kisha anwani, kisha orodha ya huduma. Ukifanya hivyo bango zima linapiga kelele kwa sauti moja. Utahitaji mwenza, na nitamtaja.

Orbitron: nzuri kwa macho, ngumu kwa Kiswahili

Orbitron ya Matt McInerney ilitoka mwaka 2009 kupitia The League of Moveable Type, kikundi kilichokuwa mstari wa mbele kutoa fonti huria zilizochorwa vizuri. Ina unene kadhaa mpaka Black, ule mkubwa kuliko wote, na leo inapatikana bure kwenye Google Fonts. Vijana wa michezo ya kompyuta na wapiga muziki wanaipenda, na nawaelewa. Kwenye kioo cheusi chenye mwanga wa buluu, hakuna ya bure inayofanana na chombo cha angani kama hii.

Tayari nimeshaisema A yake. Kinachonisikitisha ni kwamba watu huichagua kwa kuandika jina moja lisilo na A nyingi, labda DJ fulani au NEON, wanaridhika, kisha wanaitumia kwa bango zima la Kiswahili. Andika KARAMA, HARAKA, MARASHI, SARAFU. Lugha yetu inaishi humo. Kila A inayofungwa juu inasukuma neno zima kuelekea kwenye mchoro, mbali na maandishi.

Je, itupwe? Hapana. Kwa nembo ya herufi tatu au nne, kwa namba kwenye picha ya tangazo la mtandaoni, kwa kichwa cha video, ni chaguo zuri sana. Kuna ushauri mmoja ambao umenisaidia: usiende moja kwa moja kwenye Black. Bold yake ina matundu ya ndani mapana zaidi, na matundu ndiyo yanayosomwa. Herufi nene yenye tundu dogo ni doa.

Jamaa yake wa karibu ni Audiowide ya Astigmatic, pana, yenye mistari kama bomba lililokunjwa. Kwa bango la duka siipendekezi. Kwa jina la studio ya muziki, ijaribu.

Michroma: heshima kwa aliyeichora, lakini si nene

Vernon Adams, Mwingereza aliyefariki mwaka 2016, alizipa fonti huria kazi kubwa. Oswald, ambayo umeiona kwenye tovuti zisizohesabika, ni yake. Michroma ni jitihada yake ya kuirudia Microgramma ya 1952 kwa ajili ya skrini, na jina lenyewe linaonyesha ukoo. Imetulia, ni pana, ina adabu. A zake zina mishazari, BARABARA inasomeka, na MWANAKWEREKWE ingekuwa nzuri kama ingepata ukuta wa kutosha.

Lakini ina unene mmoja, nao ni wa kawaida. Watu wanaichagua wakitaka fonti nene, kisha wanabonyeza B kwenye programu. Hapo hakuna fonti nene inayokuja. Programu inanenepesha herufi ileile kwa nguvu, kwa kuongeza wino pande zote au kuichapa mara mbili kwa kusogeza. Matundu yanaziba, pembe laini zinapoteza hesabu yake, na nafasi kati ya herufi zinaliwa. Kwenye skrini ya simu huenda usione. Kwenye fleksi ya mita 3 kila mtu ataona kitu hakiko sawa, hata asiyejua kukitaja. Kanuni yangu ni hii: kama fonti haikuchorwa na unene unaoutaka, tafuta nyingine.

Michroma ninaipa kazi ndogo, na inaiweza vizuri: mstari mfupi chini ya jina, maneno mawili au matatu kwa herufi kubwa, yaliyoachiwa nafasi. "TANGU 2011", kwa mfano, chini ya jina lililoandikwa kwa Eurostile. Wanafanana kama mama na mtoto, na hakuna anayemfunika mwenzake.

Rubik: mraba uliostaarabika

Mwenye macho makali atasema Rubik si ya kundi hili, na ana hoja. Duara zake zimebanwa kidogo tu kuelekea mraba, na pembe za mistari yake zimelainishwa. Naiingiza kwa sababu mara nyingi ndiyo mtu anayoihitaji anapoomba "ile fonti nene ya mraba yenye pembe laini".

Ilichorwa na Philipp Hubert na Sebastian Fischer kwa mradi wa Google uliohusu mchemraba wa Rubik, ile chemshabongo ya rangi sita iliyobuniwa na Ernő Rubik wa Hungaria mwaka 1974. Kutoka mradi huohuo ipo Rubik Mono One, ambayo kila herufi yake ilipimwa iingie kwenye kimraba kimoja cha mchemraba. Mono One ni nene kupindukia na kila herufi inachukua upana uleule, I sawa na M. Kwa neno MIMI matokeo yake ni ya ajabu. Kwa jina la herufi nne zilizolingana, ni mhuri.

Rubik ya kawaida ina unene kutoka 300 hadi 900, na ina mlazo pia. Ukiwa na 900 kwa jina, 500 kwa huduma na 400 kwa anwani, umemaliza bango zima kwa familia moja. Kati ya tano hizi ndiyo pekee ninayothubutu kuiandikia aya. DODOMA inasomeka bila shida hata kwa ukubwa mdogo, kwa kuwa O haijawa mraba kamili.

Ina jambo jingine lenye thamani kwa watu wa pwani: ina herufi za Kiarabu. Duka la Zanzibar, Mombasa au Muscat linalotaka jina kwa maandishi mawili linaweza kupata unene na hulka ileile pande zote, badala ya kubandika Kiarabu chembamba kando ya Kilatini kinene, kama inavyotokea kila siku. Ukitaka pande zote ziwe za mraba zaidi, Changa ya Eduardo Tunni nayo ina Kiarabu, na unene wake unafika 800.

Kinachokosekana kwa Rubik ni ule mshtuko. Haipigi kifua. Ukiiweka kando ya Russo One kwenye jezi, Russo ndiyo itakayoonekana kutoka jukwaani.

Namba, na ile alama ya NG'

Bango la biashara kwetu lina namba kuliko maneno: ya simu, ya lipa namba, ya bei. Hapa ndipo fonti za miraba zinapoumiza mfuko. 0 na O ni umbo moja. 8 na B zinakaribiana, 5 na S ni mapacha, na 6 ikinenepa inaziba mdomo wake na kuwa 8. Kuna fundi wa simu mmoja niliyemfahamu aliyechapishiwa stika mia mbili kwa fonti nene ya mraba, ikiwa na 6, 8 na 0 zikifuatana. Watu walimpigia mtu mwingine kwa wiki kadhaa. Stika zilikuwa nzuri mno, na zote alizibandua.

Tangu hapo namba naziandika kwa Rubik 500 au 600, nikizitenga tatu tatu, na sijawahi kujuta. Tarakimu za Russo One ninazikubali kwenye mgongo wa jezi, ambapo ni moja au mbili na kimo ni kikubwa. Bei nazo, kama Sh 6,500 kwenye kadi kubwa, Russo inaziweza. Namba ya simu ya tarakimu kumi, hapana.

Kuhusu NG'OMBE, NG'AMBO, NG'ARA: tumia alama iliyopinda, si kile kijiti kilichonyooka kinachotoka kwenye kibodi. Fonti zote tano zinayo. Katika herufi kubwa pana, alama hiyo inaacha shimo kati ya G na O kama jino lililong'oka, basi isogeze kwa mkono mpaka ikae juu ya bega la G. Ni kazi ya nusu dakika. Jina la mtu au la mtaa linaloandikwa NGOMBE kwa sababu mbunifu hakuipenda alama si jina lake tena.

Zinapotoka kwenye skrini kwenda mkononi mwa fundi

Fonti hizi zina baraka moja ambayo fonti za pembe kali hazina. Stika ikikatwa kwa mashine, pembe kali ndiyo inayonyanyuka kwanza: kitambaa cha kufutia kioo kinaikamata, jua linaikunja, vumbi linaingia chini. Pembe iliyolainishwa haina pa kushikwa. Kwa herufi za akriliki au plastiki zinazochongwa kwa router, yaani mashine ya kuchonga kwa kisu kinachozunguka, kisu chenyewe ni cha duara na hakiwezi kuchonga pembe kali ya ndani. Fonti iliyokwisha kulainishwa inatoka kama ulivyoiona kwenye kompyuta. Na mstari mnene ulionyooka ni rafiki wa taa za LED zinazopangwa ndani ya herufi, maana taa zinakaa kwenye mstari mmoja na mwanga hauachi mabaka.

Baraka hiyo ina mpaka. Kwa stika chini ya sentimita 2, a na e za Orbitron Black zina vijinafasi vyembamba ambavyo fundi anapoondoa mabaki ya ndani huishia kung'oa na kipande cha herufi. Russo inavumilia udogo zaidi. Rubik inavumilia kuliko zote.

Kwa hiyo, ipi?

Jina fupi, fedha ya leseni ipo au CorelDRAW unayo, na unataka kitu kitakachoonekana kilitengenezwa kwa makini hata baada ya miaka kumi: Eurostile Bold Extended, au Square721. Jina la kawaida la Kiswahili, herufi nane na kuendelea, bajeti ya stika na fleksi: Russo One kwa jina, Rubik kwa kila kilichobaki. Maandishi ya Kiswahili na Kiarabu kwenye ubao mmoja: Rubik peke yake. Video, mchezo wa kompyuta, jina lisilo na A zaidi ya moja: Orbitron Bold. Michroma ibaki chini ya jina.

Russo One, Orbitron, Michroma na Rubik zote ziko chini ya leseni huria ya SIL. Unaruhusiwa kuzitumia kwa kazi ya kulipwa, kwenye nembo, tovuti, jezi na mabango, hata kuzibadili. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe kama bidhaa peke yake. Zishushe kutoka Google Fonts moja kwa moja, si kwenye kurasa zinazokusanya fonti za kila aina, ambako mara nyingi unapata toleo la zamani.

Yule fundi wa simu alirudi. Jina la duka lake lina herufi tisa, A ndani yake ziko nne. Tulichapisha karatasi tano, moja kwa kila fonti, tukazibandika kwenye ukuta wa jirani ng'ambo ya barabara, tukasimama mlangoni kwake na mtoto wake wa darasa la tatu. Mtoto alisoma Russo kwanza, Rubik ya pili, akasita kwa Eurostile kwa kuwa kimo kilikuwa kimepungua, na kwa Orbitron aliuliza kama hiyo ni picha. Bango likachapishwa kwa Russo One, namba ya simu kwa Rubik 600, tarakimu tatu tatu.